John Hanning Speke: Mgeni wa Rumanika aliyeponzwa na silaha zake

Mwishoni mwa Novemba 1861, milio ya bunduki ilisikika katika vilima vya Bweranyange, yalipokuwa makao ya Omukama Rumanika wa Karagwe. Haikuwa vita. Ulikuwa utaratibu wa misafara ya enzi zile: wageni wakikaribia mji wa mtawala, walipiga baruti hewani kutoa taarifa kwamba wamefika, na wamefika kwa heri. Kiongozi wa msafara ule alikuwa Mwingereza mwenye umri wa miaka 34, John Hanning Speke, akiwa pamoja na rafiki yake James Augustus Grant.

Wengi wetu huku Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kihanga hadi Murongo, tulimsoma Speke shuleni kama mzungu aliyekwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Tulikariri miaka, tukajibu mtihani, tukamwacha hapo. Leo tunamrudia kwa upande ambao vitabu vya shule huupita haraka. Speke alikuwa mtu wa kubeba silaha kila siku, tangu ujana wake hadi saa ya kufa kwake. Alizijua kuliko wengi wa wakati wake. Hata hivyo zilimwangusha mara mbili: mara ya kwanza bastola ilikataa kulia alipoihitaji, mara ya pili bunduki ililia wakati hakuna aliyeitaka ilie.

Tumeona kisa hiki kina faida kwa sababu swali la silaha za zamani bado lipo mitaani na vijijini. Kuna bastola iliyoachwa na babu aliyekuwa askari, kuna gobore linalokaa juu ya dari. Mwenye nayo husema ni chuma cha kweli, si kama vitu vya siku hizi, na kwamba kitamlinda siku mbaya ikifika. Je, ni kweli? Maisha ya Speke yana jibu lenye pande mbili.

Kijana wa kuwinda

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika mkoa wa Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, katika familia ya wenye ardhi. Shule haikumvutia. Porini ndiko alikokuwa na raha. Mwaka 1844, akiwa na miaka 17, aliingia jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India, akapigana vita dhidi ya Masingasinga kule Punjab, na kila alipopata likizo alipanda milima ya Himalaya kuwinda na kukusanya ngozi za wanyama na ndege.

Miaka kumi ya maisha hayo ilimfanya awe mlengaji hodari sana. Hilo ni jambo la kukumbuka tunapoendelea, maana yaliyompata baadaye hayakuwa makosa ya mtu aliyeshika bunduki kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1854 alifika Aden akiwa na mpango wa kuingia Afrika kuwinda. Huko akakutana na Richard Burton, ofisa mwenzake, mtu wa lugha nyingi na maneno makali, aliyekuwa akiandaa safari ya nchi ya Wasomali. Speke akaingizwa katika kikosi hicho pamoja na maofisa wengine wawili, Herne na Stroyan.

Usiku wa Berbera

Alfajiri ya kuamkia tarehe 19 Aprili 1855, kambi yao karibu na Berbera, pwani ya Somalia, ilivamiwa na kundi kubwa la watu wenye mikuki na marungu. Stroyan aliuawa. Burton alichomwa mkuki ulioingia shavu moja na kutokea la pili. Herne alifyatua bastola yake mpaka baruti ikakaribia kwisha, kisha akaanza kupapasa gizani kutafuta pembe ya baruti iliyokuwa imetundikwa kwenye nguzo ya hema. Aliponea chupuchupu.

Speke alikuwa na bastola ya kisasa kwa wakati ule, iliyotengenezwa London na kampuni ya Deane na Adams. Alitoka nje ya hema, akapiga risasi kadhaa, akasonga mbele. Kisha akamwelekezea mtu mkubwa aliyesimama mbele yake kabisa, karibu kiasi cha kumgusa kifuani, akavuta kifyatulio. Silinda haikuzunguka. Akavuta tena, wapi. Kabla hajafanya jingine akapigwa rungu kifuani, akaanguka, na bastola ikanyakuliwa mkononi mwake.

Walimfunga mikono. Baadaye kidogo mmoja wa waliomkamata alianza kumchoma mkuki, mara kwenye bega, mara kwenye paja, hadi mkuki ukapita mguu upande hadi upande. Speke alijinasua, akainuka na miguu ile ile iliyotobolewa, akakimbia kuelekea baharini na kuokolewa na wenzake. Alikuwa na majeraha 11. Madaktari waliomwona Aden hawakutarajia atembee upesi, lakini ndani ya wiki chache alikuwa kwa miguu yake.

Mwenyewe alieleza baadaye kwamba anadhani fataki ilikwama ndani ya mtambo. Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu neno hilo fataki ndilo lenye habari yote.

Fataki inavyofanya kazi

Bastola za miaka ile hazikutumia risasi tunayoijua leo, ile ya ganda la shaba yenye baruti na kiwashio vyote pamoja. Kila tundu la silinda lilijazwa kwa mkono. Unamimina baruti kwa mbele, unasukumia risasi ya duara, kisha kwa nyuma, kwenye kichuchu kidogo cha chuma, unavika fataki: kikofia chembamba cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Nyundo inagonga fataki, moto unapita katika kijitundu, baruti inawaka, risasi inatoka. Wanaojua gobore wataona kwamba tunaeleza jambo wanalolijua. Ni mtambo ule ule.

Robert Adams alipata hataza ya bastola yake mwaka 1851, mwaka ambao Maonyesho Makuu ya London yalimpa nafasi ya kuonyeshana ubavu na Mmarekani Samuel Colt. Ya Colt ilikuwa na matundu sita, na kila safari mpigaji alilazimika kuvuta nyundo kwa kidole gumba ndipo afyatue. Ya Adams ilikuwa na matundu matano, lakini kuvuta kifyatulio peke yake kulitosha: kidole kimoja kilizungusha silinda, kikainua nyundo na kuiachia. Kwa vita vya karibu, usiku, watu wakiwa wamekuzunguka, ni wazi kwa nini ofisa kijana angechagua Adams. Na mwili wake ulikuwa kipande kimoja cha chuma, imara kuliko wa Colt.

Kwa karatasi, basi, Speke alichagua vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye kile kikofia cha shaba. Kikigongwa hupasuka, na vipande vyake vinaweza kuanguka ndani ya mtambo au kujibana kati ya silinda na mwili wa bastola. Kipande kidogo kuliko ukucha kinatosha kuzuia silinda isizunguke. Colt nazo zilikuwa na ugonjwa huo huo. Wapigaji wengine walijizoeza kuinua mtutu juu wakati wa kukoki ili vipande vidondoke nje.

Kuna na la pili, ambalo kwetu ni zito zaidi. Silaha ile ilijazwa mara moja ikabebwa siku nyingi. Njiani inatikisika, fataki zinalegea. Katika Adams za mwanzo, ambazo hazikuwa na fimbo ya kushindilia, risasi zilisukumwa kwa kidole tu na ziliweza kusogea mbele ndani ya tundu kwa mtikisiko wa safari. Unyevu wa pwani unaingia kwenye baruti. Jasho linatia kutu. Kwa nje bastola inang'aa. Ndani kila tundu lina hali yake. Mtu akiifyatua kwenye uwanja wa mazoezi asubuhi ile ile aliyoijaza, italia mara tano bila kukosa. Akiibeba wiki tatu kiunoni, hesabu inabadilika.

Hili ndilo watu wengi wanaosifu silaha za kale hawalipimi. Wanauliza kama inapiga. Swali la mtu anayebeba silaha kila siku ni jingine: itakuwaje baada ya kubebwa?

Kutoka Ujiji hadi ziwa kubwa

Speke alipona, akaenda vita vya Crimea, kisha Desemba 1856 akafika Zanzibar na Burton kwa safari nyingine. Juni 1857 waliondoka pwani. Novemba walikuwa Tabora, Februari 1858 wakafika Ujiji na kuliona Ziwa Tanganyika, ingawa Speke macho yalikuwa yamevimba kwa ugonjwa hata hakuweza kuona vizuri alichokifuata. Waliporudi Tabora, Burton alikuwa mgonjwa. Speke akaenda kaskazini peke yake na watu wachache, akiongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India na ambaye bila yeye safari nyingi za wazungu zingeishia njiani. Tarehe 3 Agosti 1858 walisimama mahali karibu na Mwanza ya leo, mbele ya maji yasiyo na mwisho. Speke akaamini kwamba pale ndipo Nile inapoanzia, na akalipa ziwa jina la malkia wake, kana kwamba halikuwa na majina.

Burton hakuamini. Ugomvi wao ulianzia hapo na haukwisha.

Siku za Karagwe

Safari iliyomleta kwetu iliondoka pwani Oktoba 1860. Serikali ya Uingereza kule India ilimpa karabini 50, yaani bunduki fupi za wapiga mizinga, zikiwa na singe zake, na risasi 20,000. Ziligawiwa kwa wangwana wa Zanzibar waliokuwa walinzi wa msafara. Ukisoma habari za safari hiyo utaona kwamba silaha hizo hazikuwapunguzia shida nyingi. Wapagazi walitoroka, mali ikaibwa, na kila mtawala mdogo njiani alidai hongo. Speke na Grant walikaa miezi mingi wakihangaika katika nchi ambazo leo ni mikoa ya Tabora, Shinyanga na Geita, wakilipa vitambaa, shanga na waya wa shaba kila kituo.

Walipovuka mpaka wa Karagwe mambo yakabadilika. Rumanika alikuwa ametuma maagizo kwamba wageni wapitishwe na walishwe. Hongo ikakoma. Wakapewa mbuzi, kuku, ndizi na pombe. Speke aliyaandika haya kwa mshangao wa mtu aliyechoka, na ndiyo maana sura za Karagwe katika kitabu chake ni za furaha kuliko nyingine zote.

Kwa Rumanika alikaa hadi Januari 1862. Walizungumza habari za nchi za mbali, za dini, za wafalme wa Ulaya. Omukama alikuwa na jambo lake pia: ndugu yake Rogero, waliyegombania kiti baada ya kifo cha baba yao, bado alikuwa anamsumbua. Alimwuliza mgeni kama wazungu hawana dawa ya kummaliza adui kutoka mbali. Speke alijibu kwamba hana uchawi wa namna hiyo. Tunadhani Rumanika, ambaye tayari aliwaona wafanyabiashara Waarabu wa Kafuro na bunduki zao, hakuuliza kwa ujinga. Alikuwa anapima. Mgeni mwenye bunduki 50 ana nguvu gani hasa? Je, nguvu hiyo inafika mahali asipokuwepo yeye mwenyewe?

Desemba alikwenda kuwinda pamoja na wana wa Rumanika, akaua vifaru watatu kwa bunduki yake ndogo ya mfereji. Vichwa vililetwa kwa Omukama, naye akastaajabu, kwani wale waliokuwa wakijigamba kwa bunduki hapo nyumbani hawakuwahi kuleta kitu kama hicho. Ni kweli ilikuwa kazi ya mlengaji. Leo, tunapojua kwamba kifaru ametoweka katika sehemu kubwa ya nchi hii, ni vigumu kuisoma habari hiyo kwa furaha aliyoiandikia.

Kuna mengine ya Karagwe ambayo hatuwezi kuyaacha bila kusema neno. Speke alipima kwa utepe miili ya wanawake wanene wa ukoo wa kifalme, akaandika vipimo vyao kama anavyoandika vya mnyama. Vilevile kutokana na watu aliowaona hapa alijenga nadharia kwamba watawala wafugaji wa maziwa makuu walikuwa kizazi tofauti kilichotoka Ethiopia, bora kuliko wakulima. Haikuwa sayansi. Wakoloni waliokuja baada yake waliichukua, wakaifanya sera, na majirani zetu wa Rwanda na Burundi waliilipia gharama yake. Kati ya vyote alivyovibeba kuingia nchi hii, huenda wazo hilo lilikuwa na madhara zaidi ya karabini zote 50.

Na bado, katika majuma yale ya Bweranyange, hatusomi kwamba alilala na bastola mkononi. Kilichomlinda ni neno la mwenyeji wake. Grant, ambaye mguu wake ulioza kwa kidonda, aliachwa Karagwe hadi Aprili, hawezi hata kusimama, na hakuna aliyemgusa.

Ng'ombe wanne wa Mutesa

Februari 1862 Speke alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, kijana ambaye hakuficha hamu yake ya silaha. Zawadi alizopelekewa zilikuwamo bunduki ya mfereji, karabini tatu na bastola ya silinda. Mutesa akataka kuona bastola ikifanya kazi. Ng'ombe wanne waliletwa uani. Speke aliiazima bastola aliyotoka kuitoa zawadi, akawapiga wote wanne mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alijeruhiwa tu, akamgeukia kwa hasira, na risasi ya tano ikammaliza. Ua mzima ukashangilia.

Linganisha na Berbera. Aina ile ile ya mtambo, mtu yule yule. Mara hii ilijazwa kwa makini kwa ajili ya onyesho, mchana, mikono imetulia, na ikalia mara tano. Ndiyo maana ushahidi wa mtu anayesema bastola yake ya zamani haijawahi kumwangusha hautoshi. Inategemea aliijaribu wapi.

Kilichofuata kilikuwa kibaya. Mutesa alijaza karabini mojawapo kwa mkono wake, akaikoki, akampa mtoto wa ikulu na kumwambia atoke nje akampige mtu. Mtoto akaenda, akapiga, akarudi akifurahi kama aliyefaulu mtihani. Hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani. Speke aliandika jambo hilo kama mfano wa ukatili wa Kabaka. Sisi tunaona pia kwamba karabini ile ilikuwa imeingia ikulu mikononi mwa nani.

Tarehe 28 Julai 1862 alisimama kwenye maporomoko ya Jinja, maji yakitoka ziwani kuelekea kaskazini. Februari 1863 yeye na Grant walifika Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, na katikati ya mwaka huo wakapokelewa London kama mashujaa.

Ukuta wa mawe

Furaha haikudumu. Burton na wengine walisema hakuufuata mto njia yote, kwa hiyo hana uthibitisho. Ikapangwa wawili hao wakabiliane mbele ya wanazuoni katika mji wa Bath, tarehe 16 Septemba 1864.

Siku moja kabla, mchana wa tarehe 15, Speke alikwenda kuwinda kwale katika shamba la Neston, kwa ndugu zake. Alikuwa na binamu yake, George Fuller, na mlinzi wa wanyama wa shamba. Bunduki yake ilikuwa ya mitutu miwili, kazi ya Lancaster, fundi mashuhuri wa London, ya aina ya kujaziwa nyuma. Silaha nzuri na ya gharama. Haikuwa na kufuli la usalama.

Fuller alikuwa ametangulia kidogo aliposikia mlio. Alipogeuka alimwona Speke juu ya ukuta mfupi wa mawe, akiwa hana tena bunduki mkononi, kisha akaanguka. Jeraha lilikuwa upande wa kushoto, chini ya kwapa. Aliomba asisogezwe. Baada ya kama robo saa alifariki, akiwa na umri wa miaka 37. Bunduki ilipookotwa, mtutu mmoja ulikuwa umefyatuka; nyundo ya mtutu wa pili ilikuwa imevutwa nusu.

Uchunguzi uliofanyika ulisema ni ajali. Wapo waliodai alijiua kwa kumwogopa Burton, na dai hilo bado linarudiwa. Sisi tunakubaliana na uchunguzi. Mtu anayetaka kufa hajipigi chini ya kwapa akiwa anapanda ukuta. Maelezo rahisi yanatosha: alivuta bunduki kwa mtutu kuipandisha, au aliiegemeza, nyundo ikanasa kwenye jiwe au tawi, ikaachia. Alikuwa na uzoefu wa miaka 20. Huenda uzoefu ndio uliomfanya asiitoe risasi kabla ya kupanda ukuta usiofika hata kifuani. Burton alipata habari Bath, ukumbini. Speke alizikwa kijijini Dowlish Wake, Somerset.

Nyundo iliyovutwa nusu

Kile kidokezo cha nyundo iliyovutwa nusu kinatuleta kwenye bastola za sasa. Katika silaha nyingi za kale, pengo dogo ndani ya mtambo lilishika nyundo katikati ya safari yake, na hilo ndilo lililoitwa usalama. Hakukuwa na kingine. Pengo hilo ni chuma kilichochongwa. Kinalika kadiri miaka inavyokwenda, na siku kikilika silaha haitoi onyo.

Utaratibu huo haukufa na fataki. Colt ya silinda ya mwaka 1873, maarufu katika filamu za Kimarekani, ilikuwa hatari ikibebwa na risasi zote sita, kwa sababu nyundo iliyolala ilikaa juu ya risasi iliyo tayari. Ikianguka ikagonga nyundo, inaweza kufyatuka. Wenye busara walijaza tano na kuacha tundu moja tupu chini ya nyundo. Tokarev ya Kirusi, iliyoanza miaka ya 1930 na kuenea dunia nzima pamoja na misaada ya kijeshi, iliundwa bila kufuli la usalama la mkono. Ilitegemea nyundo kuvutwa nusu, sawa na bunduki ya Speke. Hata Colt ya 1911, kazi ya John Browning na bastola tunayoikubali kuwa mojawapo ya zilizobuniwa vizuri kuliko zote, haikuwa na kizuizi cha pini ya kugongea katika muundo wake wa kawaida wa awali; Colt walianza kukiweka sana kuanzia miaka ya 1980.

Hatusemi kwamba kila bastola ya zamani ni mbovu. Colt ya 1911 na Browning ya 1935 zilizotunzwa, zenye springi mpya, magazini nzima na risasi zisizozeeka, zinafanya kazi hadi leo kwa watu wenye mafunzo na kibali. Lakini hiyo si bastola iliyokaa miaka 40 ndani ya sanduku la nguo. Hiyo springi yake imechoka, mafuta yamegeuka gundi, risasi zake zimeliwa na unyevu. Inaweza kugoma kama ile ya Berbera. Inaweza kufyatuka yenyewe ikianguka sakafuni, watoto wakiwapo. Wenye gobore wanayo hatari ya tatu: mitutu mingi imetengenezwa na mafundi wa kienyeji kwa bomba lisilokusudiwa kubeba mlipuko, na baruti ikizidi kidogo hupasuka usoni kwa mpigaji.

Mkoa wetu umepakana na nchi kadhaa, umepitia vita ya mwaka 1978 na 1979, na umepokea wakimbizi kwa maelfu mwaka 1994. Si ajabu kwamba silaha za kila umri zimebaki hapa na pale. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kumiliki silaha yoyote bila kibali ni kosa, na gobore halijaachwa nje. Mwaka 2022, Septemba na Oktoba, Serikali ilitoa muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari.

Kwa msikilizaji mwenye silaha ya urithi nyumbani, usijaribu kuifyatua kuona kama bado nzima. Usiisafishe ukidhani haina kitu ndani; gobore linaweza kukaa na baruti miaka mingi na bado likalia. Usiibebe kwenye pikipiki kuipeleka kituoni. Iache ilipo, mtutu usielekee watu, watoto wasifike, kisha toa taarifa kwa polisi au kwa mtendaji wa kijiji chako ili waje kuichukua wanaojua kuitoa risasi.